Nyumba Niliyoieleza kwa Simu Kutoka Muheza

Mwaka wa 2018, nikiwa na miaka hamsini na mbili, serikali ilifunga msitu, ikakataza kukata miti, na mashine za mbao za Elburgon zikanyamaza. Tangu nikiwa na miaka kumi na tano nilikuwa naamka na mlio wa msumeno, na siku ulipokatika nilidhani ni masikio yangu yameharibika. Nilitoka nje nikauliza jirani kama anasikia kitu. Akasema anasikia kuku wake, mara ya kwanza maishani.

Naandikia nyinyi vijana mnaojaza makaratasi ya kwenda Uarabuni, na wale mmeshafika huko na mnatuma picha mkiwa mmeegemea gari ya mtu. Shule nilifika darasa la nne. Binti yangu Njeri amenisaidia na nukta na herufi kubwa, lakini maneno ni yangu, na mahali alijaribu kuyapamba nilimwambia ayarudishe vile yalikuwa.

Kazi yangu ilikuwa kunoa na kutengeneza misumeno ya mashine. Kwa mashine wanaita saw doctor, na mji mzima waliniita Dokta. Usicheke. Mashine ya mbao bila dokta ni chuma ya kuanikia nguo. Kila sahani ya msumeno ina meno, na kila jino lina mlalo wake. Moja unalipinda kushoto, linalofuata kulia, kidogo tu kama unene wa kucha, ndiyo msumeno upate njia ya kupita bila kubanwa. Ukipinda sana, unasaga mbao ya mwenyewe inakuwa unga. Ukipinda kidogo, sahani inashika moto, inaanza kucheza, halafu inapasuka na mtu anapoteza mkono. Mimi sijawahi kupotezea mtu mkono. Ningependa hilo liandikwe kwa kaburi langu, lakini Njeri anasema makaburi hayaandikwi hivyo.

Aliyenifundisha ni Kalasinga mmoja, fundi mkuu, tulikuwa tunamwita Babuji. Siku ya kwanza alinipa tupa na sahani iliyochoka, akaniambia ninoe meno yote, kisha akaenda kunywa chai. Nilinoa nikijisifu. Aliporudi alipitisha kidole gumba juu ya meno bila hata kuangalia, akaichukua ile sahani akaitupa nje kwa maranda. Akasema nimenoa vizuri sana, lakini hakunisikia nikiuliza inaenda kukata mti gani. Podo ina jino lake, saipresi ina jino lake, mwerezi mkavu una lake. Nilikaa chini yake miaka minne kabla hajaniachia sahani nzima. Hilo somo nililishika miaka zaidi ya thelathini, halafu siku lilipohitajika kweli likanitoka. Nitafika huko.

Kwanza mjue nyumba ya kwetu, kwa sababu aibu yangu yote ilikuwa ya nyumba.

Elburgon ni baridi. Mtu wa Nakuru mjini akipanda kuja kwetu mwezi wa saba, anavaa kila kitu alichonacho na bado anauliza kama kuna jiko mahali. Sisi tunajenga na mabanzi, zile mbao za kando zenye maganda zinazobaki gogo likipigwa mraba. Banzi linapanda banzi, kila mwanya unafunikwa na kipande chembamba, ndani tunabandika katoni na magunia. Dari inakaa chini karibu na kichwa ili moto usipande bure. Dirisha ni moja, dogo kama mlango wa njiwa, na linaangalia mbali na msitu. Nyumba kama hiyo, ukiwasha jiko giza likiingia, kabla chakula kiive umevua sweta. Nimejenga nyingi. Nimejenga hadi Olenguruone, mahali maji ya kunawa yanaamka na ganda la barafu, na mama mmoja aliyejifungulia ndani ya nyumba yangu aliniambia mtoto hakulia baridi hata siku moja. Kuna watu wana vyeti. Mimi nina huyo mtoto.

Basi msitu ulipofungwa nilikaa mwaka mzima nikinoa mapanga karibu na stage ya matatu, nikiangalia mashine za watu zikipakiwa kwa malori kama vyuma vikuukuu. Mbili zilinunuliwa na tajiri mmoja wa Muheza, Tanzania, upande wa Tanga. Mashine zikafika kwake, lakini hakupatikana mtu wa kuzielewa. Akauliza zilikuwa zinatibiwa na nani. Wakamwambia kuna mzee ananoa mapanga karibu na stage.

Mke wangu, Wairimu, alinifungia blanketi mbili na sweta tatu. Sikumwambia sitazihitaji kwa sababu hata mimi sikujua. Akaniambia kitu kimoja tu: kila Jumapili baada ya kanisa nimpigie, na nimweleze mahali ninakaa.

Mtu asiye wa Elburgon hataelewa hilo neno. Zamani sisi watu wa mashine tulikuwa tunakaa kambini msituni miezi mingi, na wake zetu wakajifundisha kumpima mwanaume kwa maelezo ya nyumba. Hawaulizi kama una mtu. Wanauliza jiko limekaa upande gani wa mlango, ndoo imefunikwa na nini, sufuria ziko ngapi. Mwanaume anayekaa peke yake hawezi kujua sufuria ziko ngapi kwa sababu ni moja. Akitaja hesabu, kuna mtu anaziosha. Mama yake Wairimu alimkamata mume wake na mwanamke mwingine kwa njia ya kifuniko cha ndoo. Mimi nilijua haya yote nikipanda basi, na bado nilifanya vile nilivyofanya.

Muheza ni machungwa, minazi, na joto linalokukalia mabegani kama mtoto asiyetaka kushuka. Tajiri alinipatia nafasi ya kujenga kwa uwanja wa mjane mmoja mzee anaitwa Bibi Mwanaidi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo iliyopakwa chokaa, baraza mbele, madirisha manne makubwa ya kupitisha upepo, pazia la maua ya manjano kwa kila dirisha, na uwanja uliofagiwa kila alfajiri mpaka mistari ya ufagio inaonekana kama shamba lililopandwa. Hakukuwa na ua wa kuuzunguka. Majirani walikatiza uwanjani wakienda zao, na kila mmoja alisimama akasalimu kama ana siku nzima. Kwetu ukisema "sasa" na mwingine akisema "poa", mmemaliza. Kule, mtu aliniuliza nimeamkaje, nimelalaje, kazi inaendaje, na watu wa nyumbani wanaendeleaje, na mimi nilikuwa nimeshampita hatua kumi. Walinivumilia. Waliniita Mkenya, na walipotaka kunisema vibaya waliniita ndugu yetu Mkenya.

Jirani wa karibu zaidi alikuwa Mzee Hemedi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, yaani ndiye anajua kila mtu anayelala hapo mtaani. Ujana wake alipasua mbao kwa msumeno wa mikono, mmoja akiwa juu ya gogo na mwingine chini shimoni. Alikuja kuniandika kwa daftari lake, akaniuliza kwa upole ninatoka kabila gani la Kenya, kisha akaniambia nikiwa na jambo lolote nimuulize. Nikasema asante. Moyoni nikasema, jambo gani tena? Mimi ni dokta.

Tajiri akaniambia nichukue mabanzi yoyote yaliyolala kwa mashine nijijengee. Mlima mzima wa mabanzi ya mtiki, mbao nzito, yenye mafuta, isiyoliwa na mchwa. Niliyaona nikafurahi kama nimekutana na ndugu ugenini. Kwa siku tisa, nikitoka kazini, nilijenga. Nilifunika kila mwanya. Nilitafuta katoni sokoni na kuzibandika ndani. Dari niliiweka chini. Dirisha niliweka moja, la njiwa.

Mzee Hemedi alikuja siku ya saba, akaizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Bwana Mkenya," akasema, "humu utakausha nini?"

Nikamwambia ni nyumba. Akasema hongera, akaenda polepole. Jioni Bibi Mwanaidi akanitumia salamu kwamba ana fremu mbili kuukuu za madirisha, kama zitanifaa. Nikamjibu kwamba sisi kwetu tunaielewa mbao.

Siku niliyohamia ndani nilifunga mlango, nikakaa kitandani, na kabla sijavua viatu shati ilikuwa imelowa. Nyumba ilikuwa imeshika joto la mchana vile nilivyoifundisha kushika. Haikuachia hata kidogo. Ilikuwa kazi safi, nawaambieni ukweli, haikuwa na kosa hata moja, ila ilikuwa Muheza.

Nilichukua mkeka nikaenda kulala kwa baraza ya Bibi Mwanaidi. Nilimwambia mbao bado inatoa harufu, naipa siku chache. Zile siku chache ziligeuka miezi minane. Kila asubuhi niliamka kabla ya watu, nikaingia kwangu, nikangoja, halafu nikatoka kwa mlango wangu nikijinyoosha. Majirani walinisalimu: umelalaje, Mkenya? Nikajibu, salama. Mtaa mzima walijua. Nilikuja kujua baadaye kwamba watoto walikuwa wanaamka mapema kuangalia.

Jumapili ya kwanza baada ya kujenga, nilipiga simu nikiwa nimekaa hapo barazani. Nyinyi mna simu za kuonyesha chumba chote, mimi nilikuwa na mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi, kila kitu ilibidi kitoke mdomoni. Wairimu akauliza nyumba imekaaje. Sasa ningesema nini? Mke wangu ameishi miaka zaidi ya ishirini ndani ya nyumba niliyojenga na mikono yangu, na kwa kila harusi anawaambia watu mume wake ni nani. Nikainua macho nikaona dirisha la Bibi Mwanaidi. Nikasema ina madirisha makubwa. Nikasema inapitisha upepo. Nikasema ni nyeupe.

Uongo wa namna hiyo ni mtamu kwa sababu kila neno ni kweli, ila nyumba tu si yako. Jumapili iliyofuata nikaongeza uwanja uliofagiwa. Nyingine nikaongeza saa ya ukutani, na asumini kando ya mlango, na pilau niliyokula Ijumaa. Wairimu alikuwa anasikiliza tu. Nilidhani anafurahi.

Kazini nako mambo yalikuwa mabaya, na kosa lilikuwa lile lile ingawa sikuliona. Nilinoa sahani za tajiri kwa jino la saipresi, jino refu linalolala mbele, kwa sababu hizo mashine nilizizoea zikila saipresi. Sahani ilikuwa inaingia kwa mtiki vizuri, na kabla gogo la pili liishe, meno yamekuwa butu kama ya ng'ombe mzee. Nikanoa tena. Yakaisha tena. Siku moja sahani ikageuka rangi ya bluu kwa moto na ikapasuka ufa mrefu kama kidole. Hakuumia mtu, kwa sababu niliusikia ule mlio ukipanda na nikapiga kelele wazime. Tajiri akanipa wiki mbili. Baada ya hapo, alisema, angenipa nauli na shukrani.

Niliuliza kwa kukosa njia ingine. Nilimpelekea Mzee Hemedi sahani iliyopasuka, nikaiweka mbele yake bila maneno. Aliishika, akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema mtiki unakunywa mchanga kutoka ardhini na kuuweka ndani ya mbao, punje ndogo huwezi kuziona. Wao, wakati wa shimo, walikuwa wananoa kila baada ya kunywa maji. Akaniuliza kwa nini sikuuliza tangu mwanzo. Nikamwambia nilikuwa na kazi nyingi.

Nilifupisha meno. Niliyasimamisha zaidi, yasilale mbele. Nikatenga sahani tatu za zamu, moja ikikata, moja ikipoa, moja mikononi mwangu, na nikazibadilisha kila saa mbili hata kama bado zinakata. Wiki mbili zikaisha na tajiri hakutaja nauli. Siku hizi kuna meno ya kuunganishwa, chuma ngumu sana, na mashine inayonoa yenyewe mkiwa mnaangalia simu. Ni nzuri, siwadanganyi. Lakini hata hiyo mashine lazima mtu aiambie ni mti gani.

Mngefikiri hapo nilishika adabu. Nilishika ya mbao tu.

Mwezi wangu wa nane kule, Jumapili, Wairimu akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatanunua.

"Baba Njeri, hizo pazia ni rangi gani?"

"Manjano," nikasema. "Za maua."

"Na sufuria ziko ngapi?"

Mbele yangu, juu ya kichanja cha Bibi Mwanaidi, zilikuwa zimepangwa zikikauka. Mdomo ukanitangulia.

"Saba."

Halafu akasema kwamba kama kuna mtu, niseme sasa, yeye si wa kupigana. Atafunga nyumba ya Elburgon aende kwa mama yake Olenguruone, na nikirudi nitakuta kufuli. Nikaapa hakuna mtu. Akasema mwanaume wake wa miaka yote hiyo hajawahi kujua rangi ya pazia hata moja nyumbani kwake, na kwake ziko mbili. Akakata.

Nilipiga siku nne, hakushika. Kwenda nyumbani sikuweza. Tajiri alikuwa na oda kubwa na sahani zilinitegemea mimi. Nilikuwa naweza kumwambia ukweli kwa dakika moja, nyumba yangu ni tanuri, nalala nje kwa mtu. Mnaona vile ni rahisi? Nilinoa sahani siku nne nikitafuta njia ya kulisema bila kulisema.

Siku ya tano alikuwa ameshafika. Alipanda basi kutoka Elburgon mpaka Nakuru, Nairobi, Mombasa, akavuka mpaka, akashuka Muheza asubuhi akiwa na sweta, kitambaa cha kichwa na kikapu cha viazi. Akauliza Mkenya wa misumeno anakaa wapi, na kwa sababu kule watu hawaelekezi kwa kidole wanakusindikiza, akafika uwanjani na watu watano.

Yaliyotokea hapo nimeambiwa na Wairimu na Bibi Mwanaidi, na hawaelewani juu ya kila kitu. Wairimu aliona uwanja uliofagiwa. Aliona asumini. Aliona maua ya manjano yakipepea kwa madirisha manne, na moyo wake, anasema, ulikuwa kama jiwe limeanguka kisimani. Akabisha hodi ili mwenye nyumba atoke amwone uso. Akatoka Bibi Mwanaidi, mwanamke wa miaka karibu themanini, na fimbo.

Wairimu anasema alisimama hapo bila kujua akasirikie nini. Bibi Mwanaidi alimpokea kikapu mkononi, akampa maji ya kuoga kabla hata hajauliza jina, akamkalisha chini ya ile saa ya ukutani na chai ya tangawizi. Ndipo Wairimu akauliza nyumba ni ya nani. Ya marehemu mume wangu, akaambiwa. Akauliza na yule fundi Mkenya analala wapi. Bibi Mwanaidi akaonyesha mkeka uliokunjwa barazani. Akasema kwa heshima kwamba mbao yake bado inatoa harufu.

Mimi nililetewa habari kazini kwamba mama wa Kenya yupo. Nilitembea hiyo njia kama mtu anayepelekwa kupimwa. Nilimkuta amekaa barazani, sweta magotini, na majirani wote wamepata sababu ya kukatiza uwanjani. Hakunisalimu.

"Nionyeshe nyumba yako," akasema.

Hapo ndipo ningeweza bado kudanganya. Ningesema naishi na Bibi kama mpangaji, chumba cha nyuma, na Bibi Mwanaidi, vile alivyo na huruma, angenyamaza. Niliona hata uso wake ukijitayarisha kunyamaza. Lakini Wairimu alikuwa ananiangalia vile Babuji alikuwa anaangalia sahani, na nikaona nikiongeza neno moja tu hiyo ndoa inatupwa nje kwa maranda. Nikanyoosha kidole kwa ile kitu yangu ya mabanzi pale kwa kona.

Akavaa sweta tena, akaingia, akavuta mlango nyuma yake.

Alikaa humo. Sijui ni muda gani. Mzee Hemedi alisimama, mikono nyuma, akiangalia mlango kama anayengoja mbao ikauke. Mimi nilikuwa nahesabu misumari ya mlango, kumi na nane, niliigonga mwenyewe.

Alipotoka, kitambaa kilikuwa kimeshikana na kichwa na jasho linatiririka kidevuni. Alikaa chini kwa kizingiti. Akaanza kutetemeka mabega na nikajua analia, nikasogea, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ukamchoma, akacheka tena.

"Hakuna mwanamke amewahi kukaa hapa," akasema. "Hata panya hawezi."

Majirani wakacheka basi, na mimi nikacheka, na hapo ndipo akanyamaza ghafla akaniangalia.

"Nimekaa kwa basi siku mbili juu ya pazia ya mtu mwingine," akasema. "Kwa nini hukuniambia umekosea?"

Nikamwambia mimi ni dokta wa Elburgon, ningesemaje?

"Ungesema ni joto."

Hakunisamehe siku hiyo, msije mkafikiri. Alilala kwa Bibi Mwanaidi chumbani na mimi nikalala kwa mkeka wangu. Asubuhi alichukua nyundo yangu bila kuomba, akang'oa katoni zote za ndani. Mzee Hemedi akaitwa, na safari hii niliuliza kabla ya kila msumari. Alinionyesha kuinua paa juu ya kuta ili upepo upite katikati. Nikang'oa banzi moja kati ya kila mawili kwa pande mbili, na zile fremu mbili kuukuu nikaziomba kwa mdomo wangu mwenyewe. Bibi Mwanaidi alikuwa ameziweka tayari nyuma ya mlango tangu ile siku ya kwanza.

Wairimu alisema anakaa mpaka hiyo nyumba iweze kubeba mwanamke. Ilichukua wiki tano. Katika hizo wiki alijifunza kupika wali wa nazi, akawafundisha wanawake wa mtaa mukimo, viazi vyetu vya kuponda na mahindi, nao waliukubali kwa adabu na hawakuurudia. Siku moja nilirudi kazini nikamkuta amekaa ndani, mlango wazi, anamenya viazi, na hana jasho. Alinisogezea kigoda.

Alipopanda basi kurudi aliniwekea sheria, nami nawaachia nyinyi kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika hii yote. Kila Jumapili nianze na jambo moja baya la mahali ninakaa. Likiwa limetoka, naweza kusifu vile nataka. Kwa hiyo nilimwambia paa linavuja upande wa kitanda. Nilimwambia nimeumwa malaria na nimelia. Nilimwambia mshahara umechelewa, nilimwambia mbuzi wa jirani amekula shati. Naye akaanza kuniambia yake, ng'ombe kuugua, Njeri kukataa kanisa, upweke. Mimi nilidhani najua nyumba yangu ya Elburgon, na kumbe kwa miaka yote nilikuwa naelezwa ile ya kusifu.

Nyinyi mna kamera. Najua vile mnafanya. Mnaishika ikaangalia ile kona moja safi, ile yenye kiti, na huku nyuma mko kumi kwa chumba. Mama zenu si wajinga. Wanajua kona ni kona. Geuzeni hiyo simu.

Nilikaa Muheza miaka minne. Mzee Hemedi alifariki mwaka wa mwisho na nilisaidia kupasua mbao za kaburi lake, mtiki, jino fupi. Msitu wa kwetu ulipofunguliwa nilirudi, nikafanya kazi kidogo, na mwaka jana nikaweka tupa chini kwa sababu macho hayaoni tena mlalo wa jino.

Hivi ndivyo vitu nilivyo navyo leo, na sikurithi hata kimoja. Nyumba ya mabanzi Elburgon, vyumba vinne, ya joto. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama. Kuku. Benchi moja ya kukatia mbao, inaendeshwa na kijana ninayemwamini siku nyingi. Tupa thelathini na moja, zingine ni za Babuji. Simu ya kuonyesha, alininunulia Njeri. Miti ya saipresi mia mbili niliyopanda mwenyewe. Shamba ekari moja na nusu upande wa Molo. Tulipoenda Nakuru kuandikisha, karani aliuliza jina la mwenye shamba, na Wairimu akaniangalia akingoja nijibu. Karatasi ina majina mawili, na la kwanza si langu.